Miguu imeandikwa, majibu hayajarudi

Hakuna mkulima wa Kiminini aliyewahi kuuliza Michael Harrison alinukuliwa mara ngapi. Harrison alikuwa mtafiti wa mahindi katika kituo cha utafiti cha Kitale, na mwaka 1964 kituo hicho kilitoa mbegu ya H611, chotara ya mahindi ya Kitale na mengine yaliyoletwa kutoka Ecuador. Baadaye ikaja 614, ambayo hadi leo mzee akiingia duka la pembejeo huitaja kwa tarakimu tu, kama mtu anayemwita mjukuu kwa jina la utani. Kipimo cha kazi ile kilikuwa gunia. Shamba lilijaza ghala au halikujaza, na kila jirani aliona.

Tumeanzia shambani makusudi. Leo tunasema juu ya ngozi, na mtafiti wa ngozi hapimwi kwa gunia. Ukitaka kujua kimo chake unafungua ukurasa wake wa Google Scholar na kusoma tarakimu tatu: idadi ya makala, idadi ya mara alizonukuliwa na wenzake, na kile kinachoitwa kipimo cha h. Hiki cha mwisho kilibuniwa na mwanafizikia Jorge Hirsch wa California mwaka 2005, na hesabu yake ni nyepesi. Ukiwa na makala 10 ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara 10, h yako ni 10. Ukiandika moja kubwa iliyonukuliwa mara 1,000 na nyingine tisa zisizosomwa na mtu, h yako ni 1. Kipimo hiki kina tabia moja ya ajabu: hakishuki. Mtafiti anaweza kulala miaka kumi na h yake ikabaki palepale, au hata ikapanda yenyewe.

Kwa tarakimu hizi mhadhiri hupandishwa cheo, mradi hupewa fedha, na chuo hujipanga kwenye orodha za vyuo bora.

Tusiwe wepesi wa kuzitukana. Nchi hii tunaijua. Palipokosekana hesabu, cheo kimekwenda kwa anayetoka upande fulani wa mto au anayemfahamu mwenyekiti wa kamati. Nukuu angalau haiulizi ukoo. Mtafiti wa chuo cha Kibabii na mtafiti wa London wakiandika jambo moja kwa ubora mmoja, kwa nadharia wote wanaweza kunukuliwa. Kwa nadharia, tumesema. Eugene Garfield, aliyeanzisha faharasa kubwa ya kwanza ya nukuu za kisayansi mwaka 1964, alikuwa anamsaidia msomaji kufuata wazo kutoka makala hadi makala. Kutoa alama za kupandisha watu vyeo kulikuja baadaye, na kukaja na michezo yake: marafiki wanaonukuliana kama watu wa chama cha kuzungushiana pesa, na majarida ambayo hayamkatai mwandishi yeyote mradi amelipa. Hata wanasayansi wenyewe walichoka. Mwaka 2012 kundi lao lilikutana San Francisco na kutoa azimio kwamba mtafiti asipimwe kwa jina la jarida alimochapisha, bali kwa kazi yenyewe.

Ila ngozi ina tatizo lake la ziada, na hili linatugusa sisi wa chini ya Mlima Elgon.

Anayekunukuu ni anayeandika juu ya jambo lako. Malaria ina jeshi la waandishi duniani. Saratani vivyo hivyo. Funza je? Upele je? Mapunye kichwani mwa mtoto wa darasa la pili Cheptais? Wanaoandika juu ya funza ni kikundi kidogo ambacho karibu kila mmoja anamjua mwenzake. Mtafiti wa funza anaweza kufanya kazi safi kuliko ya jirani yake wa saratani na bado nukuu zake zikawa chache mara kumi, kwa sababu tu kijiji cha wasomaji wake ni kidogo. Ongeza kwamba mengi ya maana kuhusu ngozi ya Mwafrika wa mashambani yamechapishwa katika majarida ya hapahapa kwetu, na majarida hayo mara nyingi hayahesabiki kwenye faharasa kubwa za ng'ambo. Kijana mwenye akili akiingia idara ya tiba anaiona hesabu hiyo mapema, anachagua ugonjwa wenye wasomaji. Hatumlaumu. Ana ada za watoto.

Matokeo yake ni kwamba ugonjwa unaowaleta watu wengi zahanati ndio wenye watafiti wachache. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba wakati wowote ule watu bilioni 1.8 duniani wana tatizo la ngozi. Ni Mei 2025 tu ndipo Baraza la Afya Duniani lilipopitisha azimio la kuyataja magonjwa ya ngozi kuwa suala la kipaumbele. Azimio ni karatasi, lakini afadhali lipo.

Sasa tupande mlimani.

Mwaka 2001 jarida la Acta Tropica lilichapisha makala fupi ya Onapa, Simonsen na Pedersen. Walikwenda Kapchorwa, upande wa Uganda wa Elgon, wakakuta watu wenye miguu iliyovimba kama ya matende. Kila mtu alijua ni matende. Tatizo ni kwamba matende huletwa na mnyoo unaoenezwa na mbu, na juu kule kwenye baridi mnyoo huo haupati nafasi. Watafiti walipima damu, mnyoo hawakuuona. Walichokuta ni ugonjwa mwingine kabisa, ambao daktari Mwingereza Ernest Price alikuwa ameufuatilia miaka mingi nchini Ethiopia na kuupa jina la podokoniosi. Unatokana na udongo. Udongo mwekundu wa milima ya volkano una chembe ndogo mno, zinazopenya ngozi ya mguu usio na kiatu siku baada ya siku, mwaka baada ya mwaka. Kwa mtu mwenye damu inayoupokea ugonjwa huo, mishipa inayorudisha majimaji mwilini huziba taratibu. Kwamba kuna watu wanaourithi wepesi huo wa kuathirika ilithibitishwa na utafiti wa Ethiopia uliochapishwa katika jarida la tiba la New England mwaka 2012. Mwaka mmoja kabla yake, Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeuingiza ugonjwa huo kwenye hesabu ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika.

Mlima ni mmoja. Mpaka wa Suam haukati udongo. Mama anayelima vitunguu Kapsokwony, kijana anayebeba viazi Endebess, mzee wa Kimilili anayefuata ng'ombe pekupeku tangu akiwa na miaka mitano, wote wanakanyaga udongo ulioshuka kutoka volkano ileile. Tunauliza swali la kijijini kabisa: ni wangapi kati yao waliowahi kuambiwa, kwa lugha wanayoielewa, kile ambacho makala ile ilisema?

Maana tofauti hapa ni tiba. Mwenye matende ya mnyoo anahitaji vidonge vya kuua mnyoo. Mwenye mguu wa udongo akipewa vidonge hivyo anapoteza muda wake. Anahitaji karai. Tutalieleza karai hilo kwa sababu halichukui mistari mingi. Maji safi na sabuni, mguu uoshwe polepole hadi katikati ya vidole, ambako ndiko uchafu na harufu hukaa. Kisha uloweshwe kwenye maji yenye dawa kidogo ya kuua viini, kwa kipimo cha mhudumu wa afya. Ukaushwe kwa kitambaa safi, tena katikati ya vidole, kwa sababu unyevu ukibaki hapo ngozi inapasuka na vijidudu vinaingia. Upakwe Vaselini. Ukipona vidonda, ufungwe bendeji kutoka vidoleni kwenda juu. Soksi, kiatu kinachofunika mguu wote, na mguu uinuliwe mtu anapokaa. Akala haitoshi, vumbi linaingia pembeni. Gambuti linafaa kuliko akala, likivaliwa na soksi kavu.

Hayo yalipimwa kisayansi. Jaribio lililofanyika kaskazini mwa Ethiopia na kuchapishwa mwaka 2018 katika Lancet Global Health liliwagawa wagonjwa makundi mawili, moja likaanza huduma hiyo mapema, jingine likasubiri. Walioanza mapema walipungukiwa na vile vipindi vya mguu kuwaka moto, homa kupanda na mtu kulala ndani siku kadhaa bila kazi. Daktari Gail Davey, ambaye ameutumia muda mwingi wa maisha yake ya utafiti kwenye ugonjwa huu, alikuwa miongoni mwa waliosukuma kazi hiyo. Ananukuliwa sana, ndiyo. Lakini ukimtazama kwa jicho la mkulima wa 614, gunia lake ni siku za kazi ambazo mgonjwa amerudishiwa.

Mwenye mguu huo hapa kwetu mara nyingi hukaa kanisani benchi la nyuma, leso imeshuka hadi chini. Watu wamemwambia amekanyaga uchawi, au ukoo wao una laana. Tumewahi kumsikia mama mmoja akisema hakuolewa kwa sababu ya mguu. Ni mguu ambao ungezuiwa kwa viatu vya utotoni.

Funza nao wana hadithi yao. Wadudu hao si wenyeji wa Afrika. Walitoka Amerika Kusini wakatua Angola kwa meli mwaka 1872, wakalivuka bara. Hapa Kenya Wizara ya Afya ilitoa mwongozo wa kitaifa wa kupambana nao mwaka 2014. Mwaka huohuo jarida la PLoS la magonjwa yaliyosahaulika lilichapisha jaribio la Thielecke, Nordin, Ngomi na Feldmeier, lililofanywa kwa watoto wa shule 47 wa mashambani nchini Kenya. Namna walivyolifanya inapendeza. Mtoto mmoja, miguu miwili: mguu huu ulitibiwa kwa permanganeti, ile dawa ya zambarau ambayo kila mwalimu wa zamu anaijua, na mguu wa pili ukapakwa dimetikoni, mafuta mepesi yanayomziba funza pumzi akiwa ndani ya ngozi. Baada ya siku saba, asilimia 78 ya funza waliopakwa mafuta walikuwa hawaonyeshi tena dalili ya uhai. Kwa upande wa permanganeti walikuwa asilimia 39.

Rudia tarakimu hizo ukiwa umesimama kwenye uwanja wa shule ya msingi Bungoma siku ya kampeni ya kuondoa funza, karai la zambarau limewekwa chini ya mti na mheshimiwa anapigwa picha akiosha mguu wa mtoto. Au mbaya zaidi, ukimwona mtoto akichokolewa kwa pini ya nguo iliyopita miguuni mwa ndugu zake watatu. Utafiti ulikwisha sema. Dimetikoni si ya bei ya chini, na hilo tunalikubali. Lakini kuna kaunti ngapi zilizokaa chini zikapiga hesabu yake kwa kila mtoto mwenye funza, zikaona kama haziwezi kweli, au hazijauliza tu?

Na kuna kazi ya zamani zaidi ambayo ilipaswa kuwa ukutani kwenye kila ofisi ya afya ya magharibi. Miaka ya 1990 daktari wa ngozi Mjerumani Wilfried Schmeller alifundisha wahudumu wa afya wa vijijini, hukuhuku magharibi mwa Kenya, kutambua na kutibu magonjwa machache ya ngozi kwa dawa za bei nafuu. Yeye na mwenzake Dzikus walipima watoto wa shule mwaka 1993, wakapima tena mwaka 1999. Wenye ugonjwa wa ngozi walishuka kutoka takriban asilimia 32 hadi chini kidogo ya 30. Msomaji atasema hilo ni punje. Ni punje kweli, na tunampongeza Schmeller kwa kuichapisha punje hiyo mwaka 2001 bila kuipaka rangi. Inatufundisha kwamba mhudumu wa kijiji anaweza kufanya kitu, na kwamba peke yake, bila maji, bila viatu, huku watoto wanne wakilala kitanda kimoja, hatafika mbali.

Mwezi Septemba 2023 serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii 100,000 na kuwapa mikoba. Tunawaona Webuye na Saboti wakipita nyumba kwa nyumba wakipima presha na sukari. Ni kazi nzuri. Tunauliza tu kama kuna aliyewafundisha kutofautisha upele na mzio, mguu wa udongo na matende, au kumwambia mama aache ile tyubu ya kemisti. Tyubu hiyo tuiseme kidogo. Ni krimu yenye steroidi, huuzwa bila kuuliza, na hupakwa kila kitu. Ukiipaka kwenye choa, wekundu unapoa siku mbili, mtu anashukuru, huku ukungu wenyewe unatambaa chini kwa chini hadi daktari akija kuuona hautambuliki kirahisi. Anayeuza anajua. Tunaamini anajua.

Njia ya kupata wataalamu ipo karibu kuliko London. Mjini Moshi, chini ya Kilimanjaro, kuna kituo cha mafunzo ya ngozi cha kanda kilichofunguliwa mwaka 1992, mkuu wake wa kwanza akiwa daktari Henning Grossmann. Kituo hicho huchukua maafisa wa kliniki kutoka nchi nyingi za Afrika na kuwapa mafunzo ya miaka miwili ya magonjwa ya ngozi na ya zinaa, kisha kuwarudisha wilayani kwao. Hao si watu wa kujaza ukurasa wa nukuu. Ni watu wa kukaa kwenye chumba chenye dirisha la mwanga na kutazama migongo arobaini kwa siku. Kila kaunti ndogo ya Trans Nzoia na Bungoma ingestahili kuwa na mmoja wao. Afya iko mikononi mwa kaunti tangu 2013, kwa hivyo tusitupiane mpira na Nairobi kwa hili.

Kwa watafiti nao tuna neno. Kila anayekuja kupima miguu yetu hupata kibali cha tume ya taifa ya sayansi, NACOSTI, huripoti kwa kamishna wa kaunti, huonana na chifu, kisha chifu huita watu. Watu huja. Hutoa damu, huvua viatu kama wanavyo, hujibu maswali ya saa nzima kuhusu sakafu ya nyumba na idadi ya mbuzi, hupewa soda na kipande cha sabuni. Masharti ya kibali yanamtaka mtafiti apeleke ripoti kwa tume. Kwa chifu hakuna anayemdai. Makala inatoka miaka miwili baadaye, kwa Kiingereza, na ukurasa wa mtafiti unaongezeka tarakimu. Wenye miguu hawajui kama iliandikwa.

Maoni yetu ni haya. Kaunti za Trans Nzoia na Bungoma zisimpe mtafiti yeyote barua ya kuingia kijijini kwa mara ya pili kabla hajarudi mara ya kwanza, akasimama kwenye baraza, akaeleza kwa Kiswahili au Kibukusu au Kisabaoti alichokiona na kinachopaswa kufanywa. Ukurasa mmoja wa muhtasari ubaki kwenye zahanati. Vyuo vyetu, Kibabii na Masinde Muliro vikiwa mbele, vihesabu baraza hilo kwenye karatasi ya kupandishwa cheo, lipate alama kama makala inavyopata. Atakayesema ni jambo lisilopimika aende Kitale aulize mbegu zilipimwaje.

Nukuu zibaki. Mtafiti ana haki ya kujua nani amemsoma, na mwenzake wa Ethiopia au wa Uganda anapaswa kuipata kazi yake. Tunachokataa ni tarakimu hiyo kuwa mwisho wa safari. Makala ya Kapchorwa haikunukuliwa na ulimwengu mzima, na ilikuwa na habari ambayo mkulima wa Elgon angeweza kuitumia kesho yake asubuhi.

Wabunge wa kaunti walio kwenye kamati za afya, bajeti inakuja. Waulizeni mawaziri wenu wa afya mambo matatu: afisa wa kliniki wa ngozi tunaye wapi, ni nani aliyehesabu miguu iliyovimba kwenye wadi za mlimani, na viatu vya watoto wa chekechea wa wadi hizo vinagharimu kiasi gani. Nawe msomaji, kama nyumbani kwenu kuna mtu anayeficha mguu, usingoje kamati. Mpeleke zahanati akapimwe, uliza waziwazi kama ni mnyoo au ni udongo, na mkirudi jioni mtengee karai lake, sabuni na taulo lisiloshirikiwa na mtu.